Mistari Miwili Mitupu

Chausiku hakuanza kuandika kwa kupenda kuandika. Alianza kwa sababu aliulizwa swali akakosa jibu.

Mwaka huo ulikuwa elfu mbili na mbili, na mtoto wake wa kwanza, Abeid, alikuwa ameshikwa na homa. Alimbeba mgongoni akateremka naye kutoka mlimani mpaka Bigwa, na kutoka Bigwa mpaka mjini, mtoto amelegea, kichwa kinamgonga begani kila anapopiga hatua. Muuguzi aliyewapokea alikuwa dada mpole. Alishika kalamu, akauliza, "Homa ilianza lini, mama?"

Chausiku akafungua mdomo. Juzi? Au siku ile walipopalilia magimbi? Au kabla ya hapo, siku mvua ilipowafungia ndani mchana kutwa? Siku za mlimani zilikuwa zimefanana kama punje za mtama, na yeye hakuwa ameweka alama hata kwenye moja.

"Sijui, dada," alisema.

Muuguzi akaandika kitu, akaenda kumwita daktari. Jua lilipozama Abeid alikuwa ameshafunikwa shuka.

Hakuna aliyemwambia Chausiku kwamba kama angeijua siku homa ilipoanza, mtoto angepona. Muuguzi hakusema, daktari hakusema, wala mumewe Twalibu. Alijisemea mwenyewe, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuacha kujisemea.

Baada ya arobaini, Twalibu, aliyekuwa akishuka mjini kufanya vibarua vya msimu kiwandani, alirudi na dayari yenye jalada gumu la buluu waliyogawiwa na msimamizi. "Ni ya mwaka jana," alisema, "lakini siku ni zilezile saba." Alidhani mkewe ataitumia kufunikia mtungi. Chausiku akatafuta kalamu. Darasa la saba alilimaliza Kingolwira, na herufi zake zilikuwa kubwa, za mviringo, zimekaa wima kama watoto wanaoogopa fimbo. Jioni ile, chai ikiwa jikoni, aliandika mstari wa kwanza: *Leo hakuna aliyeumwa.*

Tangu siku hiyo akaandika kila jioni, akishamaliza kuosha vyombo. Dayari ilipojaa akanunua daftari, na daftari lilipojaa akanunua jingine. Hakuandika mambo makubwa. *Raya kakohoa mara mbili. Hana joto. Mawingu tangu asubuhi, tumepanda maharage upande wa kijito. Twalibu hakumaliza ugali.* Raya alikuwa mtoto wake wa pili, binti aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya msiba, na kwa miaka mingi hapakuwa na kikohozi chake, jino lake wala jipu lake ambalo halikuwekewa tarehe.

Majirani waliona, wakapata la kusema.

"Chausiku, umeniandika leo? Andika nimekuja kuomba chumvi."

"Nimekuandika jana, shoga. Nimeandika hujairudisha."

Walicheka, naye alicheka nao. Ila mwisho wa kicheko alikuwa wa kwanza kunyamaza, na macho yake yalikuwa yamesharudi kwa Raya kuona kama anapumua vizuri.

Shamba walilokaa lilikuwa mteremko mmoja juu ya Bigwa. Ukisimama mlangoni uliona mji wote chini, na ukungu ukiondoka uliona reli ikielekea Kingolwira. Lilikuwa shamba la ukoo wa mama yake Twalibu. Kule milimani ukoo hufuata mama, na ardhi hufuata ukoo. Mwanamume akifa, shamba aliloachiwa na wajomba zake hurudi kwa watoto wa dada zake. Watoto wake mwenyewe hutafutiwa kwa mama yao. Sasa mama yake Raya alikuwa Chausiku, na Chausiku mama yake alikuwa mtu wa Singida, aliyeteremka kwenye treni Kingolwira akiwa na mimba na sanduku la bati. Kwa hesabu ya milimani Raya hakuwa na mahali hata pa kusimika mguu wa kitanda.

Kwa hiyo Twalibu alipofariki mwaka elfu mbili na kumi na moja, Chausiku alikunja mikeka, akangoja kuambiwa aondoke. Aliyekuja ni Bi Mwanahawa, dada mkubwa wa mama yake Twalibu, mshika ardhi ya ukoo. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lenyewe.

"Mikeka umeikunjia nini? Unahamia Makka?"

"Nilidhani, bi mkubwa..."

"Usidhani. Kunjua. Lima, ulee mtoto."

Chausiku akalima. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuogopa, alilima kwa adabu iliyopita kiasi. Milimani mtu anayelima ardhi ya ukoo usio wake hupeleka ngoto: kila mavuno huchukua sehemu ya alichovuna, kwa kawaida kikapu kimoja, akampa mshika ardhi kama kusema, sijasahau kwamba hapa ni kwenu. Bi Mwanahawa hakumdai ngoto hata siku moja. Chausiku alipeleka kila mwaka, na jioni aliandika kwamba amepeleka. Vilevile hakupanda mti. Mahindi na maharage hung'olewa yakaisha, lakini mti hukaa, na mwenye mti hudai kivuli chake. Ndiyo maana mgeni huazimwa ardhi ya jembe tu.

Raya alipokua alikuwa akimwambia, "Mama, panda hata mparachichi mmoja. Wenzetu wanauza."

"Mti ni neno zito," Chausiku alijibu. "Tusije tukaonekana tunanyang'anya."

Siku iliyokuja kumnyima usingizi ilikuwa ya Aprili, mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bi Mwanahawa alikuwa amelala kitandani, anakohoa, na Chausiku alimpelekea uji. Walikuwa wawili tu chumbani. Mzee alikunywa nusu, akakirudisha kikombe, akasema kwa sauti yake ileile ya kugomba:

"Lile shamba nimempa Raya. Halidi ana lake kule bondeni, linamtosha. Mtu akikusumbua mwambie mimi nimesema."

Halidi alikuwa mtoto wa dada yake Twalibu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam.

Chausiku alishika kikombe kwa mikono miwili. Hakujua kushukuru kwa jambo kubwa kiasi hicho, akasema tu, "Uji umepoa, bi mkubwa, nikupashie?"

Jioni alifungua daftari. Aliandika mvua. Aliandika mboga aliyochuma, na kikohozi, na uji. Kisha kalamu ikasimama. Kuandika neno la urithi la mtu aliye hai, anayekohoa, aliona ni kama kumpimia sanda mgonjwa anakutazama. Na je, mtu akilisoma? Si watasema Chausiku anangojea? Akaacha mistari miwili mitupu chini ya maneno ya siku ile, akanuia atalijaza neno hilo bi mkubwa akipona.

Hakupona. Baada ya mazishi Chausiku aliona aibu kuandika kabla ya arobaini. Baada ya arobaini aliona hapana haraka, hakuna aliyemsumbua; ngoto aliendelea kuipeleka, sasa kwa wazee wa ukoo. Daftari likajaa, akaliweka chini ya kitanda pamoja na mengine, akaanza jipya.

Halidi alirudi miaka mitano baadaye. Kazi yake mjini ilikuwa imekwisha, na kama mtoto wa kiume mkubwa wa upande ule wa ukoo, wazee walikuwa wamemkabidhi ardhi. Alimkuta Chausiku akianika maharage, na Raya mlangoni na mwanawe mchanga, Pendo, ambaye baba yake alikuwa amekwenda Mikese siku moja asirudi.

"Shikamoo, mkazamjomba."

"Marahaba, Halidi. Karibu. Umenenepa."

"Nimevimba tu, si kunenepa." Akakaa kwenye kigoda. Alizungumza habari za mvua, za mtoto, za barabara. Ndipo akasema, huku akichezea punje za maharage zilizomwagika, kwamba ukoo unataka kurudisha mashamba yake, na kwamba hili nalo limo.

"Bi mkubwa alimpa Raya," Chausiku alisema.

"Mbele ya nani?"

Chausiku akarudi kugeuza maharage juani. Halidi aliinuka taratibu, akaaga kwa heshima, na wiki iliyofuata wito wa baraza ukaletwa.

Siku moja kabla ya baraza, Chausiku alitoa madaftari yote chini ya kitanda, akayafuta vumbi na kanga. Yalikuwa kumi na manne. Kulikuwa na msemo ulioandikwa ukutani kwenye shule yake ya Kingolwira, na siku ile ulimrudia ukamtia nguvu: mali bila daftari hupotea bila habari. Yeye daftari analo. Kijiji kizima nani mwingine analo?

Raya ndiye aliyeuona ukurasa wa Aprili. Aliutazama muda mrefu, akausogeza mbele ya mama yake.

"Nafasi ipo," alisema. "Andika."

"Niandike nini?"

"Alichosema. Si alisema?"

"Alisema."

"Basi si uongo. Andika, mama. Kalamu hii hapa."

Chausiku aliichukua kalamu. Aliiweka juu ya mstari wa kwanza, karibu kabisa, mpaka akaona kivuli cha ncha yake. Neno lilikuwa la kweli. Lakini siku iliyokuwa juu ya ukurasa haikuwa leo. Alifikiria siku zote nyingine alizoziandika, homa zote za Raya, na jinsi alivyozisadiki. Akaona akiitia moja mkono, zote zitamgeukia na kumuuliza, na sisi je?

"Nikiandika leo nitakuwa nimeandika leo," alisema, akaiweka kalamu chini.

"Mtoto wako hana pa kukaa, wewe unamwonea huruma daftari."

"Yamo mengi humu, mwanangu. Yatatosha."

Baraza lilikaa ofisi ya kijiji, saa nne asubuhi. Aliyeliongoza alikuwa Mwalimu Ignas, mstaafu, mtu wa haki. Kando yake alikaa Bi Paskalia, mjumbe, ambaye alimjua Chausiku tangu anaolewa. Halidi alikuja mikono mitupu. Chausiku aliweka rundo la madaftari mezani, meza ikayumba.

"Loo," alisema Bi Paskalia. "Mwenzetu kahamisha maktaba."

Watu wakacheka. Mwalimu Ignas akafungua moja, akafungua la pili, na kicheko kikamfutika usoni.

"Haya umeandika kila siku, Mama Raya?"

"Kila siku, mwalimu. Isipokuwa siku za msiba."

"Nimefundisha miaka thelathini na sita sijaona mwanafunzi wa namna hii. Haya, tusomee. Soma unapoona panakusaidia."

Alikuwa amejiandaa. Alitaka waone kwamba amelima bila kukosa, na kwamba ameuheshimu ukoo. Akafungua mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili alipokuwa ameweka jani la mgomba, akasoma kwa sauti ya darasani, akifuata kwa kidole: "Julai kumi na nne. Nimevuna mahindi. Nimepeleka ngoto kwa bi mkubwa, kikapu kimoja na jogoo. Kafurahi." Akafungua mwaka uliofuata. Ngoto. Uliofuata. Ngoto, maharage, kikapu kimefurika. Hata miaka ya baada ya bi mkubwa kufariki: ngoto, kwa wazee wa ukoo. Sauti yake ilizidi kupata nguvu. Aliona chumba kimetulia, akadhani ni heshima.

"Samahani, mkazamjomba," alisema Halidi. "Hebu rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo pa ngoto."

Akarudia.

"Na mwaka ule mwingine?"

Akarudia na huo.

"Mimi sina swali, mwalimu," alisema Halidi, akatazama chini.

Mwalimu Ignas alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa chafu. "Mama Raya," alisema, "mwenye shamba lake hupeleka ngoto kwa nani?"

Chausiku alitazama kidole chake, ambacho kilikuwa bado juu ya neno lile. Mwenye shamba hapeleki. Mwenye shamba huletewa.

"Nilipeleka kwa adabu," alisema.

"Tunajua, dada," alisema Bi Paskalia. "Ndiyo ubaya wenyewe."

"Umepanda mti wowote?" Mwalimu alikuwa kama mtu anayemtafutia mwenzake pa kutokea. "Mparachichi? Mdalasini? Hata mmoja, ulioandikwa humo?"

"Mgeni hapandi mti, mwalimu."

Lilitoka kabla hajalifikiri. Nyuma yake alisikia Raya akivuta pumzi. Neno mgeni lilikuwa limesemwa barazani, na limesemwa na yeye.

"Bi Mwanahawa alinipa kwa mdomo," aliharakisha. "Alisema ni la Raya."

"Lini?"

Hili aliliweza. Alitaja mwaka, akataja mwezi, akataja tarehe, na mvua iliyonyesha siku hiyo. Mwalimu akamwambia aisome.

"Mvua tangu alfajiri," alisoma. "Nimechuma mboga ya maboga. Bi mkubwa anakohoa, nimempelekea uji, kanywa nusu."

"Endelea."

"Yameishia hapo."

Mwalimu akanyoosha mkono, akalivuta daftari, akaliinamia. "Na hapa chini? Ni patupu."

"Niliacha nafasi."

"Ya nini?"

Chausiku alitaka kueleza habari ya sanda, na ya kumtazama mtu anakohoa huku unaandika kitakachobaki akifa. Aliona jinsi maneno hayo yatakavyosikika.

"Ya kuandika baadaye," alisema.

Hakuna aliyecheka safari hii. Halidi ndiye aliyesema, kwa upole, na upole wake ulimuumiza kuliko angepiga kelele. "Mkazamjomba, sisemi unadanganya. Lakini mwenyewe unaona."

Walimpa muda mpaka maharage yaliyo shambani yavunwe, kisha shamba lirudi kwa ukoo. Mwalimu Ignas alimweleza kwamba baraza lao ni la kusuluhisha tu, na kama hakuridhika ana haki ya kwenda mbele, mjini. "Ila ukienda na haya," aligusa rundo, "yatakutangulia kusema."

"Nikienda bila haya?"

"Utakuwa na nini mkononi?"

Aliweka sahihi pale alipoonyeshwa. Aliandika jina lake kwa herufi zilezile za wima, na kwa mazoea akaanza kuandika na hali ya hewa, akaikata.

Bigwa wamepanga chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya mjane anayefuga bata. Kutoka hapo mlima unauona ukiinua shingo, na ule mteremko pia unauona kama hakuna ukungu. Chausiku hainui shingo. Raya anafua nguo za watu. Tangu siku ya baraza alimwambia mama yake neno moja tu juu ya jambo hilo, walipokuwa wakishusha kitanda njiani: "Ungeandika." Hajalirudia, na Chausiku hulisikia kila siku.

Mavuno ya mwisho aliyavuna mwenyewe. Alijaza kikapu kimoja, akasimama nacho, mkono umezoea kukiinua mwezi ule kukipeleka kwa mtu. Akakimwaga ndani ya gunia pamoja na mengine.

Tangu wahamie haandiki. Siku ya kwanza alifungua daftari jipya, akatazama mistari, akafunga. Hakuona tena ni nani atakayemuuliza hata aandike.

Kando ya barabara anauza karanga za kukaanga. Wiki ya pili karatasi za kufungia ziliisha, na Raya, akiwa ameinamia beseni la nguo, bila kumtazama, alisema, "Karatasi tunazo."

Chausiku alingoja kidogo aone kama binti yake ataongeza neno. Alipoona haongezi, akaingia ndani, akatoa daftari la kwanza.

Sasa huchana ukurasa mmoja mmoja. Huusoma kwanza, midomo ikicheza, kisha huukunja kama pembe, akatia karanga. Jino la kwanza la Raya lilikwenda na mwalimu wa chekechea. Siku Twalibu alipoanguka shambani ilikwenda na dereva wa bodaboda. Watu hula wakitembea, wakatupa, na jioni mtaro wa barabara unakuwa na mwandiko wake, umelowa mafuta. Mali yake ilipotea akiwa na daftari, na habari nazo zinaifuata.

Ukurasa wa Aprili aliufikia Alhamisi moja, kabla ya adhuhuri. Alikuwa amenuia akiufikia auruke. Aliusoma. Mvua, mboga ya maboga, uji. Akapitisha kidole gumba juu ya ile mistari miwili, karatasi ikiwa safi bado, nyeupe kuliko sehemu nyingine.

"Mama, nipe karanga," alisema mwanamke mmoja aliyesimama mbele yake na ndoo kichwani. "Nina haraka."

Chausiku akaukunja. Ile sehemu nyeupe ilibaki nje. Mwanamke akapokea, akaenda zake kuelekea mtoni, naye Chausiku akamtazama mpaka alipokunja kona.

Ndipo Raya alipotoka nyuma ya nyumba, mikono ina povu, Pendo amelala begani kwa namna ambayo Chausiku aliijua kabla hajamgusa, kichwa kimelegea, kinagonga kila hatua.

"Ana joto," alisema Raya. "Mama, hiki kikohozi chake kilianza lini? Jana? Juzi? Wataniuliza."

Chausiku akafungua mdomo. Aliangalia mapajani mwake, penye karatasi za miaka yote ambayo Pendo alikuwa hajazaliwa. Akainuka, karanga zikamwagika, akaanza kutafuta kalamu, ndani, chini ya mto, chini ya kitanda, na hakukumbuka aliiweka wapi.